Mimba ya Kwenye Simu

Wifi yangu ni fundi wa makochi, na katika kazi hiyo hana mchezo. Ukimtumia picha ya kochi lako umuulize bei ya kulitengeneza, atakujibu kwamba picha haina springi, ulilete. Ukilileta atalipindua miguu juu, atachana kitambaa cha chini kwa kisu kifupi, ataingiza mkono mpaka kwapani, apapase kila ubao, na hapo ndipo atakapokutajia ugonjwa wake. Wateja wageni hudhani anajivuta ili apandishe bei. Waliomzoea wanajua kwamba huyu hauziwi mbuzi kwenye gunia, na kochi likitoka mikononi mwake utalichoka wewe kabla halijakuchoka.

Nalitaja hili mwanzoni kwa sababu linaniudhi mpaka leo. Mwanamke huyuhuyu, asiyeamini picha ya kochi, alimtumia mtu asiyemjua picha ya ulimi wake, akaambiwa kizazi chake kina nini, akaamini.

Mimi ni dada wa mumewe. Nina kiduka cha kufotokopi ukuta kwa ukuta na karakana yake, kwa hiyo kutwa nzima nasikia stepla yake ya upepo ikigonga, naye anasikia mashine yangu ikilalamika. Wapo wanaosema wifi na wifi hawapatani. Sisi tumeshapatana mpaka kwenye mita ya umeme. Akinikera namwambia hadharani, nikimkera ananizimia redio. Mumewe, ambaye ni mdogo wangu, anafundisha watu udereva, na wanafunzi wake wamempa jina la Taratibu, maana hata mtu akielekea kugonga ukuta yeye husema tu, "taratibu, taratibu," kama anayembembeleza mtoto alale. Wote wawili ni wapole. Hawajawahi kugombana nikasikia, na mimi nasikia kila kitu. Upole huo ndio uliowaponza.

Walikuwa na miaka tisa ya ndoa bila mtoto. Mama yetu hakuwa mtu mbaya, lakini alikuwa na mdomo. Alikuwa akija kuwatembelea, anaingia jikoni, anaanza kuzungumza na masufuria: kwamba wengine wanazaa hata wasipotaka, kwamba yeye umri unakwenda, kwamba mtoto wake wa kiume ni mmoja tu. Masufuria hayakujibu, wala Fundi hakujibu. Katika hesabu za Mama, mwenye kasoro alikuwa anajulikana, na hakuna aliyewahi kumtuma Taratibu akapimwe hata mkojo.

Mwishowe Fundi alikwenda hospitali mwenyewe. Wakampiga picha, wakakuta uvimbe kwenye kizazi. Daktari akamwambia utolewe, kisha waangalie, huenda akashika mimba na huenda asishike, ila asichelewe kwa sababu alikuwa anaelekea miaka arobaini. Foleni ya upasuaji ilikuwa ndefu. Alisubiri zaidi ya nusu mwaka akapewa tarehe, na tarehe hiyo ndiyo ilikuwa tumaini lake lote. Ukiikosa, unarudi mkiani.

Ni katika kusubiri huko ndipo alipokutana na Tumbo la Furaha. Alikuwa ameketi akingoja gundi ikauke, akifungua hiki na kile kwenye simu, likatokea tangazo la wauza dawa wa jina hilo, lenye mwanamke aliyekumbatia mapacha. Akabonyeza. Dakika hiyohiyo akajibiwa na mtu aliyejiita Mshauri, mwenye sauti ya asali, anayekuita mpendwa hata kabla hajakujua jina. Mshauri hakuandika, alituma sauti. Akaomba picha ya ulimi, picha ya kucha na picha ya jicho. Akatoa jibu kabla Fundi hajamaliza kufunga kopo la gundi: kizazi kimejaa baridi na uchafu, uvimbe utayeyuka wenyewe, na ndani ya miezi mitatu mimba ni lazima. Si huenda. Ni lazima.

Yalikuwapo masharti. Asiende kupasuliwa, kwa sababu kisu hufunga mlango wa uzazi. Asimwambie mtu yeyote, hata mume, kwa sababu jicho la watu linaharibu dawa. Dawa yenyewe ni unga wa kunywa alfajiri, na mume naye apewe wake, lakini kwa siri, kwenye uji. Ofisi yao ilikuwa wapi? Mtandaoni, mpendwa, ili tuwafikie wengi. Na bei ilikuwa inapanda kesho. Kila siku ilikuwa inapanda kesho.

Mimi sikujua lolote. Niliona tu kwamba wifi yangu anachoka. Alianza kukaa chini katikati ya kazi, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na weupe wa macho yake ukaanza kuwa wa rangi ya chai. Nikamtania kwamba ameanza uzee bila kuniaga. Akacheka kidogo tu. Taratibu naye alikuwa na balaa lake. Tumbo lilikuwa likimwendesha hata katikati ya somo. Siku moja alimwacha mwanafunzi kwenye mzunguko wa barabara, injini inaunguruma, akakimbilia choo cha kituo cha mafuta. Yule binti alishika usukani kwa mikono miwili akilia, na magari nyuma yake yakipiga honi. Mtaa mzima ulicheka. Nami nilicheka.

Ikabaki wiki moja kabla ya tarehe ya hospitali.

Siku hiyo nilikwenda karakana mchana kuomba mkasi. Fundi alikuwa ameinama juu ya kochi kubwa, akivuta kitambaa. Spika ya muziki, ile inayoshika simu bila waya, ilikuwa kwenye rafu ikipiga nyimbo za simu ya Fundi, ingawa kwa kawaida huwa inashika ya Taratibu kwa sababu yeye ndiye mpenda muziki. Taratibu akafika kutoka kazini, akasimama nje ya mlango akichezea simu. Mara spika ikanyamaza muziki, na ndani ya karakana ikaja sauti ya mwanamke, kubwa, tamu, imejaa kila kona:

"Mpendwa, tatizo liko kwako, si kwa mwenzako. Usimwambie. Ukimwambia atakukimbia. Endelea kumwekea unga wake kwenye uji, na hospitali usikanyage."

Fundi aliruka. Stepla ikadondoka. Alikimbilia simu yake iliyokuwa juu ya marobota ya sponji, akaibonyezabonyeza aizime, na huku macho yameshatangulia mlangoni kwa mumewe. "Nisamehe," akasema. "Nilitaka kukwambia."

Taratibu alikuwa amesimama na simu yake mkononi, uso umemshuka. "Wewe unaomba msamaha wa nini?" akauliza. "Hiyo ni yangu."

Nakwambia, nilisimama pale na mkasi mkononi kama mtu aliyeingia msiba asioujua. Ilichukua muda hata mimi kuelewa. Fundi alidhani sauti ni yake, imetoka kwenye simu yake. Mumewe alijua imetoka kwenye ya kwake. Na wote wawili walikuwa wanaifahamu neno kwa neno. Walipoweka simu mbili juu ya meza ya kukatia vitambaa na kubonyeza, Mshauri akasema mara mbili, kwa pumzi zilezile na kikohozi kilekile kidogo baada ya neno mwenzako.

Mke alikuwa akimwekea mume unga kwenye uji. Mume alikuwa akimwekea mke unga kwenye uji. Kila mmoja alikuwa anakunywa wa kwake kwa siri alfajiri, kisha anakunywa wa mwenzake kwenye kikombe bila kujua. Kila mmoja alikuwa amebeba hatia ya wawili, akaificha kwa sababu hakutaka mwenzake aumie. Ningekuwa na hasira kidogo ningecheka. Lakini hasira yangu ilikuwa nyingi, na haikuwa juu yao.

Nikavuta stuli nikakaa. Nikazichukua simu zote mbili, maana mimi kazi yangu ni nakala, na nakala naijua nikiiona. Mshauri alikuwa amemwingiza kila mmoja kwenye kundi la wateja wake. Kwenye kundi la akina mama, yule mwenye mapacha alikuwa mwalimu aliyehangaika miaka sita. Kwenye kundi la akina baba, mapacha walewale, kwa soksi zilezile, walikuwa wa mfanyabiashara aliyehangaika miaka kumi na miwili. Aliyethubutu kuuliza swali gumu jana, leo hayumo kundini. Nikawaonyesha. Taratibu akasugua paji la uso. Fundi akaangalia soksi za wale watoto kwa muda mrefu.

"Labda wamekosea picha," akasema.

Mfa maji haachi kutapatapa, nikaona nisibishane naye kwa maneno. Nikatoa simu yangu mwenyewe. Mimi nilitolewa kizazi nilipojifungua mtoto wangu wa pili, damu ilikataa kukatika, wakakitoa ili nibaki hai. Wifi anajua, alikaa nami wodini. Nikamwandikia Mshauri kwamba nina miaka thelathini na saba na natafuta mtoto, anisaidie. Akaniomba ulimi. Nikautoa ulimi wangu wote, kwa heshima zote, nikaupiga picha mbele yao, nikautuma.

Jibu lilikuja kabla sijafunga mdomo vizuri. Tukalisikiliza wote watatu. Mpendwa, kizazi chako kimejaa baridi na uchafu, lakini kina nguvu sana. Miezi mitatu. Naona mapacha.

Hakuna aliyecheka, ingawa Taratibu alijaribu. Fundi akaketi juu ya fremu ya kochi, mahali pasipo na sponji, akaweka mikono magotini.

"Nilijua," akasema baadaye, polepole. "Si kwamba sikujua, wifi. Kochi lingekuwa langu ningelipindua. Lakini hospitali waliniambia huenda. Huyu aliniambia nitapata. Miaka tisa hakuna mtu aliyewahi kuniambia nitapata."

Hapo machozi yakanitoka mimi, niliyekuja kuomba mkasi. Taratibu akapiga magoti kwenye vumbi la mbao mbele ya mkewe. Akamwambia kwamba yeye hajawahi kupimwa, na kila mwaka alikuwa akijiambia atakwenda, na kila mwaka akiogopa jibu, akaona ni afadhali amlipe mtu wa kwenye simu amwambie kwa siri kuliko daktari amwambie mbele ya watu. Akasema watakwenda wote wawili, kesho, na ule unga wataubeba.

Wakaubeba, kila mmoja na pakiti zake. Daktari hakuwacheka wala hakuwafokea, na kwa hilo namshukuru, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshawafokea vya kutosha. Aliunusa, akauliza mna nini humu, wakasema hawajui. Akasema na yeye hajui, na hapo ndipo penye hatari. Akawatoa damu. Majibu ya Fundi yalikuwa mabaya: ini lilikuwa limeumia, na mtu wa namna hiyo hapewi dawa ya usingizi kwa upasuaji unaoweza kungoja. Tarehe ikafutwa. Angalau miezi miwili ya kulipumzisha ini, kisha wapime tena, kisha ndiyo watafute nafasi nyingine. Alirudi nyumbani akapitiliza mpaka karakana, akachana kochi zima. Ile miezi miwili ilikuwa mingi kwake kuliko miaka tisa.

Majibu ya Taratibu yalitoka wiki iliyofuata. Mbegu zilikuwa chache na dhaifu. Zinaweza kutibika, zinaweza zisitibike, huenda. Neno hilo tena. Alinieleza mimi kwa sauti ndogo, akaniomba nisimwambie Mama, nami nikanyamaza kwa sababu haikuwa siri yangu.

Kundi la Tumbo la Furaha walilitoka siku ileile ya ulimi wangu. Walidhani yamekwisha. Mimi nilidhani hivyo pia, mpaka Mama alipofika bila taarifa, asubuhi, amevaa nguo ya kutokea, na kifurushi kifuani.

Alipita dukani kwangu bila hata kunisalimu. Nikamfuata. Aliingia karakana moja kwa moja, akamkumbatia Fundi, akamshika tumbo kwa mikono miwili. Alikuwa analia. Akasema, mwanangu, kwa nini mmenificha? Wenzake wa kikundi chake cha akina mama walikuwa wamemtumia habari kwenye simu. Akafungua kifurushi, ndani mlikuwa na shali la mtoto alilolifuma mwenyewe, la rangi ya maziwa, limekunjwa kwa miaka mingi mpaka mikunjo imebaki alama.

Wakati anaongea, nilikuwa nimeshaichukua simu yake. Ilikuwa picha ya Fundi, ile anayoiweka kwenye simu yake watu wamtambue, amevaa gauni pana la kazi na anacheka. Chini yake wameandika kwamba mama huyu fundi alihangaika miaka tisa, hospitali wakataka kumpasua, akakataa, akaja kwetu, na leo ni mjamzito. Kila kitu alichowahi kumwambia Mshauri kilikuwa pale, isipokuwa ukweli.

Fundi akaisoma akiwa amesimama. Mama bado alikuwa amelishika shali.

"Mama," Fundi akasema, "hakuna mtoto."

Mama akamtazama kama hajasikia. Taratibu alikuwa ameingia, amesimama karibu na marobota ya sponji. Fundi akaendelea kushusha kidole kwenye kioo, akisoma pongezi za watu asiowajua. Walikuwa wengi. Kisha kidole kikasimama. Akanipa nisome. Mwanamke fulani ameandika: Dada, umenitia moyo. Mimi wangenipasua Jumatatu, nimewaambia wasubiri. Nimejiunga leo.

Nikaona uso wa wifi yangu ukibadilika. Siku ya spika alikuwa na aibu, na siku ya ini alikuwa na huzuni. Sasa alikuwa na hasira, na sikuwahi kumwona nayo. Akachukua simu yake, akaandika chini ya picha ileile: Ni uongo, picha ni yangu, nenda hospitali Jumatatu. Tukahesabu pumzi chache, maneno yakafutwa, na yeye akafungiwa asiweze kuandika tena. Nikajaribu na simu yangu, ikawa vilevile.

"Ukurasa wangu hawawezi kuufuta," akasema.

Ana ukurasa wa karakana, wenye wafuasi wengi, wateja wake na wateja wa wateja wake. Humo hajawahi kuweka kitu kingine zaidi ya makochi: kabla na baada, kabla na baada. Hata harusi yake hakuiweka. Akanipa simu nimrekodi. Nikamuuliza kama ana hakika, kwa sababu mtaa mzima utaona, na mtaa haujui kunyamaza. Akaniambia nishike simu vizuri, isitikisike.

Mama alikuwa ameketi kwenye kochi ambalo halijavalishwa kitambaa, shali mapajani. Hakuna aliyemwomba atoke.

"Mimi ndiye mwenye picha mliyoiona," Fundi akasema kwenye simu, bila kupamba. "Sina mimba. Sijawahi kuwa na mimba. Hao watu hawajawahi kuniona, walinitibu kwa picha ya ulimi, na unga wao uliniumiza ini, upasuaji wangu ukafutwa. Mtu akikuahidi mtoto kabla hajakupima, mkimbie. Akikukataza hospitali, mkimbie. Akikwambia umfiche mume wako, mkimbie zaidi. Na wewe dada wa Jumatatu, nakuomba, nenda Jumatatu. Mimi na mume wangu bado tunatafuta mtoto, na huenda tusipate."

Akamaliza. Nilikuwa karibu kukata, Taratibu akaja akasimama kando yake, ndani ya picha. Hakumtazama Mama. Alitazama mbele kama yuko barabarani.

"Mimi ndiye mumewe," akasema. "Nimepimwa. Mimi pia nina tatizo. Miaka yote hii mmekuwa mkimtazama yeye peke yake."

Nikakata. Sijui kama mwishoni picha ilitulia. Stepla ya upepo ilikuwa inavuja hewa pale chini, hakuna aliyeinama kuizima. Wote tukawa tunamtazama Mama, hata kama hatukutaka. Alikuwa amemkazia macho mwanawe. Kisha akamtazama Fundi, kwa muda, kuanzia usoni mpaka mikononi, kama anayemwona kwa mara ya kwanza. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kuituma. Nilikuwa nangoja wenye neno waseme, na mwenye neno alikuwa yeye.

"Itume," Mama akasema. "Kabla ya Jumatatu."